Kwa nini bomu la Möhne lilizungushwa kinyumenyume

Kazi yangu ni ukaguzi wa mabwawa, na vijana wa mafunzo hawaachi kuniuliza kama bomu moja linaweza kubomoa ukuta wa bwawa. Linaweza, mradi liuguse. Usiku wa Mei 16 kuamkia 17, 1943, Waingereza walituma ndege 19 za Lancaster, kikosi namba 617, kuvunja mabwawa yaliyohudumia viwanda vya Ruhr, Ujerumani.

Möhne, mojawapo ya mabwawa hayo, ni ukuta wa mawe unaosimama kwa uzito wake, chini una unene wa mita 34 hivi. Bomu likipasukia mbali nao kidogo tu, maji ya katikati hupunguza pigo. Likipasuka limeuegemea, maji ya nyuma huizuia nguvu isitawanyike, mawe yakabeba yote.

Mbele ya ukuta kulikuwa na nyavu za kunasa topido. Mhandisi Barnes Wallis akabuni bomu la umbo la pipa, zaidi ya tani 4, lizungushwe kinyumenyume mara 500 kwa dakika kisha liachiwe. Lingedunda juu ya maji kama kijiwe bapa cha watoto, livuke nyavu, ligonge ukuta. Mzunguko uleule ungelibana ukutani likizama, hadi mita 9, shinikizo la maji lilipue.

Kasheshe ilikuwa kimo: mita 18 tu, usiku, kwa kilomita 370 hivi kwa saa. Kipimakimo kinachosoma shinikizo la hewa hapo hakisaidii. Wakafunga taa mbili tumboni mwa ndege, miale yake ikutane mita 18 chini. Mwongoza njia akichungulia na kumwambia rubani ashuke au apande. Kupima umbali, baadhi ya walengaji walishika kipande cha mbao chenye misumari miwili: ikilingana na minara miwili ya ukuta, achia!

Kamanda Guy Gibson, miaka 24, alitangulia. Bomu lake halikufika. La John Hopgood liliruka ukuta, na ndege yake ikatunguliwa. Rubani wa tatu, Martin, alipoingia, Gibson akaruka pembeni yake ili mizinga ya Wajerumani igawanye shabaha. Hapo namvulia kofia. Bomu la Young lilikaa sawasawa, ukuta ukabaki. La Maltby likaumaliza. Ukuta wa bwawa la pili, Eder, ukavunjwa na Les Knight.

Ukuta wa bwawa la tatu, Sorpe, uliwashinda. Ule ni tuta la udongo lenye kiini cha zege, na udongo humeza mtikisiko. Joe McCarthy aliangusha bomu bila kulizungusha, akifuata urefu wa tuta. Tuta likamegeka juu tu.

Ndege 8 hazikurudi, wanajeshi 53 kati ya 133 wakafa. Bondeni mafuriko yaliua zaidi ya watu 1,200, wengi wao wafungwa na vibarua wa kulazimishwa, wakiwamo wanawake kutoka Muungano wa Sovieti.

Wajerumani waliziba Möhne ndani ya miezi michache. Majukwaa ya mafundi yalikuwa wazi kabisa, na Waingereza hawakurudi kuyapiga kwa mabomu ya kawaida. Kwangu mimi, kosa kubwa la mpango mzima ni hilo.