Heri sura mbaya kuliko kujipendekeza: dhana potofu kuhusu mwandiko wa Kichina

Mtu anayetazama kwa mara ya kwanza kazi maarufu za mwandiko wa Kichina hutarajia unadhifu. Badala yake anakuta herufi moja imejitanua na jirani yake imejikunyata, wino umekauka katikati ya mstari, neno limefutwa na jingine limechomekwa pembeni. Wengi husema: hata mwanangu wa darasa la pili angeweza. Nawaelewa, maana shuleni sote tulifundishwa kwamba mwandiko mzuri ni ule usiovuka mstari wa daftari. Ila waliotunza sanaa hii kwa karne nyingi hawakutumia kipimo hicho, na anayeking'ang'ania atapitwa na kazi zilizo bora kuliko zote.

Dhana: Mwandiko mzuri ni ule ulionyooka na kulingana.

Mwandiko wa namna hiyo ulikuwepo, na ulikuwa na kazi yake. Enzi za nasaba za Ming na Qing (1368–1912), waliofanya mitihani ya kuingia utumishi wa serikali waliandika herufi nyeusi tii, za ukubwa mmoja. Wasahihishaji waliupenda, lakini wapenzi wa sanaa waliuona umekufa. Mapema zaidi, mwaka 687, Sun Guoting, bingwa wa mwandiko wa enzi ya Tang, alikuwa ameshaeleza njia ya mwanafunzi: kwanza atafute ulinganifu, akishaupata, afuate yaliyo ya hatari, akishaimudu hatari, arudi kwenye ulinganifu. Ulinganifu huu wa mwisho si ule wa mwanzo, kwa kuwa mkono umeshapita pagumu.

Kuna kisa ninachokipenda sana cha Su Shi na Huang Tingjian, washairi na marafiki wakubwa wa enzi ya Song (960–1279). Su alimwambia Huang kwamba herufi zake, nyembamba na zenye mikono mirefu, zinafanana na nyoka walioning'inia kwenye kilele cha mti. Huang akajibu kwamba za Su, pana na zilizobonyea, ni kama chura aliyebanwa na jiwe. Wakacheka sana, kwa kuwa kila mmoja aliona mwenzake amepatia. Leo nyoka hao na chura huyo ndivyo vitu watu wanavyovitafuta katika kazi zao. Shairi ambalo Su aliliandika uhamishoni Huangzhou, kuhusu mvua, baridi na jiko linalowashwa kwa matete mabichi, linaanza kwa herufi ndogo zilizotulia, kisha zinavimba na kuyumba kadiri uchungu unavyopanda.

Dhana: Anayeandika hivyo hajui kuandika vizuri.

Fu Shan (1607–1684), tabibu na msomi wa Shanxi, alijua mno. Ujanani aliiga mwandiko laini wa Zhao Mengfu, na kwa muda mfupi nakala zake zikawa zinadhaniwa ni za Zhao mwenyewe. Urahisi huo ndio uliomtia shaka. Kuiga mwandiko wa watu wanyofu, alisema, ni kama kuishi na mwungwana: ana kona kali, humkaribii upesi, kumbe ukijichanganya na wahuni, siku mbili tu mmezoeana. Zhao alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Song, lakini akawatumikia Wamongolia walioiangusha nasaba yake. Fu Shan naye aliiona nasaba ya Ming ikianguka mwaka 1644 na akakataa kuwatumikia Waqing, watawala wapya kutoka Manchuria. Akageukia mwandiko mzito wa Yan Zhenqing, ofisa wa enzi ya Tang aliyebaki mwaminifu kwa nasaba yake, na akawaachia wanafunzi maneno haya: heri mkono mzito kuliko ujanja wa mkono, heri sura mbaya kuliko kujipendekeza, heri vipande vilivyoachana kuliko wepesi unaoteleza, heri unyofu kuliko kupangapanga.

Neno la kushika hapo ni kujipendekeza. Fu Shan hakuusifu ubaya kwa ajili ya ubaya. Alichokichukia ni mwandiko unaomchekea kila anayeutazama, na kwake hilo lilikuwa suala la utu kabla ya kuwa suala la wino. (Binafsi naona alimwonea Zhao, ambaye alikuwa fundi wa kweli. Hasira yake lakini naielewa.)

Karne iliyofuata, huko Yangzhou, Zheng Xie alichanganya mitindo kadhaa ndani ya ukurasa mmoja, herufi kubwa na ndogo, zilizonyooka na zilizolala, hadi watu wakaufananisha na mawe yaliyotawanywa kutandika njia. Mwenzake Jin Nong alichora mistari minene na bapa kana kwamba anapaka rangi ubao.

Dhana: Haya ni mambo ya kisasa yaliyoletwa na wachoraji wa Ulaya.

Jiwe la kumbukumbu la Cuan Baozi, huko Yunnan, ni la mwaka 405. Herufi zake ni za ajabu, nusu za zamani na nusu mpya, kama mtu anayejifunza kutembea kwa miguu mizito. Mwishoni mwa karne ya 19 msomi Kang Youwei aliyasifu mawe ya kaskazini ya enzi ya Wei, hata yale yaliyochongwa na watu wa vijiji maskini, kwa mifupa na damu aliyoiona ndani yake.

Dhana: Basi kila kilichopinda ni sanaa.

La. Wachina wenyewe leo wanabishana vikali juu ya kile wanachokiita choushu, yaani mwandiko mbaya, na wapo wanaorusha wino kwa bomba la sindano mbele ya kamera. Mimi huuliza swali moja tu: je, mkono huu umepita kwenye ulinganifu kabla ya kuuacha? Kwa Fu Shan jibu linaonekana katika kila mkunjo. Kwa bomba la sindano silioni.

Dhana: Kufuta ni doa.

Kazi inayohesabiwa ya kwanza kwa ubora katika mwandiko wa mwendo, ule wa haraka ambao herufi hukaribia kushikana, Dibaji ya Lanting ya Wang Xizhi ya mwaka 353, ni rasimu yenye masahihisho. Ya asili ilipotea, lakini walionakili enzi ya Tang walinakili hadi maneno yaliyofutwa.

Ya pili kwa ubora ni ya Yan Zhenqing, ya mwaka 758, nayo pia ni rasimu. Katika uasi wa An Lushan, jemadari aliyeigeukia nasaba ya Tang, binamu yake Yan Gaoqing alishikilia mji wa Changshan, msaada haukuja, mji ukaanguka. Gaoqing na mwanawe Jiming wakauawa pamoja na watu zaidi ya 30 wa ukoo huo. Baadaye walipotafuta mabaki ya Jiming, walirudi na kichwa tu. Yan akakaa kuandika maneno ya tambiko.

Huhitaji kujua Kichina ili kuufuata mkono wake. Anza juu kulia, shuka, kisha hamia kushoto. Mahali wino ni mzito, ametoka kuchovya brashi. Unapopauka na kupasuka, ameendelea bila kusimama. Mistari ya mwanzo imetulia. Anapofika kwenye kosa la wale waliokataa kuuokoa mji anasita, anafuta, anaandika tena. Kisha yanakuja maneno haya: baba ametekwa, mwana amekufa, kiota kimepinduka, mayai yamemwagika. Kuanzia hapo mkono unazidi kukimbia, na kilio cha kufungia, kile cha desturi, kimeandikwa kwa kasi hadi herufi zimeshikana.