Je, wajua kwa nini nchi zenye vita hupotea kwenye takwimu za vita?

Anayechunguza kama biashara huzuia vita huanza na jedwali. Kila mstari ni jozi ya nchi kwa mwaka mmoja, tuseme India na Pakistan mwaka 1965: pato la kila nchi, biashara kati yao, na kama zilipigana. Visanduku vingi vya uchumi huwa vitupu, na si kwa bahati mbaya. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, hesabu za taifa zilianguka nayo. Korea Kaskazini huficha zake.

Programu za takwimu, zikikuta kisanduku kimoja kitupu, kwa kawaida hutupa mstari mzima. Ukiwa na vigezo vitano, yaani safu tano za jedwali, kila kimoja kikikosa asilimia 10 ya takwimu bila mpangilio, utabaki na asilimia 59 tu ya mistari. Tena inayotupwa ni ya nchi maskini, zilizojifungia au zilizo vitani, zilezile unazotaka kuzielewa.

Kwa biashara, anza kutazama upande wa pili. Kama muuzaji hakuripoti, huenda mnunuzi aliripoti. Bei ya mnunuzi hubeba nauli na bima, hivyo kwa desturi hugawanywa kwa 1.1. Usijaze sifuri kwa kubahatisha! Sifuri inadai hawakuuziana kitu. Kisanduku kitupu kinasema tu kwamba hakuna rekodi. Ukiwajazia maadui sifuri, umetengeneza mwenyewe ushahidi kwamba wasiofanya biashara hupigana.

Kwa pato la taifa, wengi huunganisha mwaka uliotangulia na uliofuata kwa mstari ulionyooka. Vita huuvunja mstari huo. Pato la Rwanda lilishuka kwa takriban nusu mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, kisha likapanda kwa takriban theluthi mwaka uliofuata. Ukichukua 1993 kuwa 100, mstari ungekupa zaidi ya 80 kwa 1994, wakati hali halisi ilikuwa karibu 50.

Njia bora ni kujazia mara nyingi, yaani kukisia kila kisanduku kitupu mara kadhaa kutokana na takwimu zilizopo, kila mara kwa namba tofauti kidogo, kama inavyofanya programu ya Amelia II. Badili pato kuwa logi (logarithimu) kwanza, la sivyo unaweza kupata mapato hasi, yaani chini ya sifuri. Ingiza vigezo vyote vya uchambuzi, pamoja na vita vyenyewe. Ukiviacha, uhusiano unaoutafuta utafifia. Tengeneza majedwali matano au zaidi, kila moja na makisio yake, mengi zaidi kama mapengo ni makubwa. Changanua kila moja peke yake, kisha chukua wastani wa majibu. Tofauti kati ya majedwali iongeze kwenye kiwango cha mashaka, maana namba iliyokisiwa haina uhakika wa namba iliyopimwa.

Hata hivyo, serikali ikificha takwimu kwa sababu hali ni mbaya, makisio yatatoka juu mno. Hapo punguza pato lililojaziwa kwa asilimia 10, kisha 20, kisha 30, ukirudia uchambuzi kila mara, na utaje wazi ni kwenye punguzo lipi hitimisho lako linageuka.