Ndege Zipo, Mbona Haziruki? Fahamu Cheti cha Uendeshaji

Tangu Juni 2025, Umoja wa Ulaya ulipoyaingiza mashirika yote ya ndege yenye vyeti vya uendeshaji vya Tanzania, yaani ruhusa ya mamlaka ya anga ya kubeba abiria kibiashara, kwenye orodha ya yasiyoruhusiwa katika anga lake, swali la zamani limerudi: ndege zipo, zimelipiwa, tatizo liko wapi? Orodha hiyo haigusi safari za ndani ya nchi. Swali lenyewe, hata hivyo, linastahili jibu.

Air Tanzania ilizaliwa Machi 1977, East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania, ilipovunjika huku nchi wabia zikivutana juu ya madeni. Mwaka 2002 asilimia 49 ya hisa zake zilikwenda South African Airways. 2006 Serikali ikazirudisha. Desemba 2008 Air Tanzania ikaondolewa cheti, safari zikasimama. Hakuna ndege iliyokuwa imeanguka. Zilizopwaya ni nyaraka na taratibu.

Wapo wanaosema "ni makaratasi tu". Si kweli, na kauli hii inachosha. Diski ya injini ina ukomo wa idadi ya safari. Kumbukumbu zake zikipotea, hakuna fundi anayeweza kusema imebakiza ngapi. Hata iking'aa, haifungwi tena. Anayetaka tulegeze hapo anatuomba tukisie.

Cheti hupitia hatua tano: mazungumzo ya awali, maombi rasmi, uhakiki wa nyaraka, ukaguzi kwa vitendo pamoja na safari za majaribio zisizo na abiria wa kulipa, kisha utoaji. Wengi hukwama hatua ya tatu. Mwongozo wa uendeshaji ulionakiliwa kwa kampuni nyingine hujulikana upesi, maana hutaja vifaa ambavyo mwombaji hana. Cheti huambatana na masharti yanayotaja aina za ndege na maeneo ya safari. Ndege ya aina mpya haibebi abiria mpaka iongezwe humo, hata kama imepokelewa kwa shangwe uwanjani.

Baada ya cheti, ukaguzi unaendelea. Dosari ndogo hupewa tarehe ya kurekebishwa. Inayohatarisha usalama husimamisha cheti mara moja. Kikifutwa, mwombaji anarudi hatua ya kwanza.

Abiria, tunza namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Tatu za mwanzo hutambulisha shirika lililoitoa. Ile ya herufi au tarakimu sita ni ya kutafutia nafasi yako kwenye mfumo tu. Shirika likisimama, dai marejesho kwa ile ya tarakimu 13, pamoja na risiti ya malipo.