Kihisi cha infraredi kwenye reli ya mezani

Kihisi cha infraredi ni saketi ndogo inayojua kwamba treni ya mfano imefika mahali fulani kwa sababu imeukata mwale usioonekana kwa macho. Kwa maneno mengine, haiioni treni. Inagundua tu kwamba mwanga umekosekana. Wengi wanaojiundia cha kwanza hukwama hapo.

Upande mmoja wa reli unakaa diodi ya infraredi (kitaa kidogo kinachotoa mwale huo), kama ile ya kwenye ncha ya rimoti ya televisheni. Kwa fundi redio yeyote hapa Mtwara hukosi rimoti mbovu, na mara nyingi diodi yake bado nzima. Ukiiwasha, itazame kupitia kamera ya simu (ya mbele ndiyo nzuri zaidi): utaona kinukta cha zambarau. Kwa volti 5, iwekee rizista (kipande kinachopunguza mkondo wa umeme) ya omu 220. Upande wa pili inakaa fototransista, yaani kipande kinachopokea mwale, imeungwa kwenye chanya kwa rizista ya kilo-omu 10. Ikipata mwanga inapitisha umeme, na volti mahali inapokutana na rizista hiyo zinashuka karibu na sifuri. Kichwa cha treni kikiziba mwale, volti zinapanda, taa nyekundu inawaka.

Mimi nimeunda kipande cha ile reli ya Mtwara na Nachingwea iliyofungwa mwaka 1962, kwa kipimo cha 1 kwa 87. Treni ilipopita mara ya kwanza, taa ilikonyeza kama ya disko. Kila mwanya kati ya mabehewa uliruhusu mwale, na saketi ikadhani treni imeshaondoka. Dawa rahisi ni kuuelekeza mwale mshazari, ili behewa moja lisiuachie kabla lingine halijaudaka. Nikaongeza diodi ya kawaida, kapasita (kipande kinachotunza umeme kidogo) ya mikrofaradi 10 na rizista ya kilo-omu 100, taa ikawa inasubiri kama sekunde moja kabla ya kuzima.

Kilichonitesa zaidi ni jua, maana nalo limejaa infraredi. Saa kumi alasiri likiingia dirishani, taa nyekundu haiwaki huku treni imesimama palepale mbele ya kihisi! Nikaivika fototransista mrija wa kalamu, nikauzungushia karatasi ya foili. Plastiki nyeusi peke yake usiiamini, nyingine hupitisha infraredi kama kioo.