Ukijiambia kitu halafu moyo ukakubishia

Miaka kadhaa nyuma nilibandika karatasi ya njano kwenye kioo cha bafuni, nimeandika kwa herufi kubwa MIMI NI MTULIVU NA MVUMILIVU. Kila asubuhi naisoma mara tatu kwa sauti, napiga mswaki, natoka, na haziishi dakika kumi nishamfokea mtoto kisa kiatu kimoja hakionekani. Siku moja huyo mtoto akaniuliza kwa upole tu, hivi ile karatasi ya bafuni inamhusu nani? Nikaibandua jioni ileile.

Na hapo mimi ndo mshauri nasaha eti, watu wanakuja kwangu kujengwa.

Wengi wanaokuja wanaanza na lalamiko moja, nimejaribu hizi afameshoni, hizi kauli chanya, nimezisema mwezi mzima na sioni kitu. Siwaulizi wanasema kauli gani, hiyo inakuja baadaye. Nauliza, ukishaisema, ndani unasikia nini kinajibu? Hapo mtu anacheka kwanza, alafu anakaa kimya, alafu ndo anasema, "nikisema mimi ni jasiri nasikia kitu kinaniambia, wewe? wewe uliyeogopa kupokea simu ya bosi juzi?" Sasa hilo jibu ndo la kufanyia kazi. Kauli ni ile sentensi pamoja na jibu lake, na kama kila asubuhi unatamka mara moja na moyo unakubishia mara tatu basi hesabu unaiona mwenyewe, kinachokomaa ni ule ubishi.

Mambo haya hayakuanza na simu janja. Kulikuwa na mfamasia Mfaransa anaitwa Émile Coué, aliyefariki 1926, yeye alikuwa anawapa watu sentensi moja tu, kwamba kila siku, kwa kila hali, nazidi kuwa nafuu. Waiseme mara 20 wakiamka na mara 20 wakitaka kulala, na alikuwa anawashauri wawe na kamba yenye mafundo 20 ya kuhesabia, yaani kama mtu na tasbihi yake au rozari. Iangalie vizuri ile sentensi. Inasema nazidi, haisemi nimeshafika. Na huyohuyo Coué alikuwa anasisitiza kwamba nia ikigombana na kile mtu anachokiona kichwani mwake, nia inashindwa. Waliokuja baada yake wengi wakachukua kule kurudiarudia, hilo onyo wakaliacha.

Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake huko Kanada wakalipima jambo hili. Wakawaambia watu wajirudierudie kwamba mimi ni mtu wa kupendwa. Wale waliokuwa wanajikubali tayari wakajisikia vizuri kidogo, ila wale wanaojidharau, ambao ndo dawa yenyewe tunawaandikia wao, wakajisikia vibaya kuliko wenzao wa aina hiyohiyo ambao hawakusema chochote. Nilipoisoma nikaikumbuka karatasi yangu ya njano, nikaikumbuka na orodha ya watu niliowapa kazi ya kioo waende nayo nyumbani, nikaona aibu kidogo.

Kwahiyo siku hizi naanzia kwenye sarufi, usicheke. Kiswahili kimetupa kitu kinaitwa -ja-. "Siwezi kusema mbele za watu" ni hukumu, imeshasomwa na hakimu kaondoka. "Sijaweza kusema mbele za watu" ni kesi ambayo bado inasikilizwa. Zote mbili ni za kweli, moyo hauna cha kubisha, ila moja inakuacha na kesho. Hivyohivyo na -na-: "mimi ni mvumilivu" moyo wangu uliikataa, lakini "najifunza kunyamaza kidogo kabla sijajibu" ukaipokea, kwa sababu ni kweli nilikuwa najifunza, vibaya vibaya lakini najifunza. Kipimo changu ni hicho tu. Isome sentensi yako taratibu, sikiliza sekunde tano. Ukisikia kimya au ukasikia "mh, sawa", inafaa. Ukisikia kicheko cha dharau ishushe daraja, punguza, mpaka kicheko kiishe. Kuna mtu alianza na "najipenda kabisa" tukashuka, tukashuka, tukaishia na "leo sitajitukana nikikosea" na hiyo ndo ilikuwa ya kwanza kumtoa machozi.

Sasa zile za pesa. Mimi ni sumaku ya utajiri, mamilioni yananitafuta. Hizi mimi sizipendi na sitajifanya niko katikati. Mtafiti Gabriele Oettingen aliwafuatilia wahitimu waliokuwa wanatafuta kazi kwa miaka 2, na wale waliokuwa wanajipiga picha tamu sana kichwani za kupata kazi ndo walituma maombi machache na mwisho wa siku wakalipwa kidogo kuliko wenzao. Ukishaionja kichwani mwili unajua tumeshakula, unalala.

Sehemu ambayo hairukwi ni usiku. Hapa ndo tafakari ya kiroho inaingia, na kwa uzoefu wangu mtu anayeanza na asubuhi bila usiku ni kama anayeandika cheki bila kujua akaunti ina nini. Kauli ya asubuhi inahitaji ushahidi na ushahidi unakusanywa jioni. Wala hili sio jipya, Seneca, yule mwanafalsafa wa Roma ya kale, aliandika kwamba taa ikishaondolewa na mke wake akanyamaza, kwa kuwa anaijua tabia yake, anaipitia siku yote, aliyosema na aliyotenda, hajifichi kitu, alafu anajiambia angalia usirudie tena, safari hii nimekusamehe. Waislamu wana muhasaba, kujihesabu nafsi kabla hujahesabiwa, na yule mwanazuoni al-Harith al-Muhasibi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 857, jina lenyewe alilipata humo, kwa kujihesabu kwake. Wakatoliki wana mtihani wa dhamiri wa Ignatius wa Loyola, wa karne ya 16, na kitu ninachokipenda pale ni mpangilio wake, unaanza na shukrani kwanza, ndo unakuja kwenye makosa. Ukianza na makosa hutafika kwenye shukrani, usingizi utakuwahi au huzuni itakuwahi.

Mimi nawapa watu maswali matatu na daftari, sio simu, maana simu ukiishika usiku unajua itakapokupeleka. Leo nimepewa nini ambacho sikukitolea jasho? Hilo la kwanza, jibu fupi tu. Alafu, leo ni wapi, hata kwa dakika moja, nilikuwa mtu yule ninayetaka kuwa? Hapa kaa, usipite haraka, kwa sababu watu wanasema "hamna" na karibu kila mara kipo, ni kidogo tu wanaona aibu kukiandika. Ulimsikiliza mtu bila kumkatiza. Ulirudisha chenji iliyozidi. Uliomba samahani ukiwa bado umekasirika. Kiandike. La tatu, nimeteleza wapi na nini kilitokea dakika moja kabla? Sio kwa nini mimi ni mbaya, hilo swali halina mwisho, bali kilitokea nini kabla. Nilivyofanya hivi wiki mbili nikagundua sikuwa namfokea mtoto kwa sababu ya kiatu kabisa, nilikuwa nafoka kila siku ambayo nimesoma meseji za kazini kabla sijatoka kitandani.

Asubuhi yake kauli inajiandika yenyewe. Unachukua jibu la pili na la tatu unaziunganisha: "jana nilinyamaza mara moja, leo naweza tena, na nikisikia sauti yangu inapanda nitaweka chini kwanza kitu nilichoshika." Ile sehemu ya nikisikia hivi nitafanya vile inatoka kwa mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, amelifanyia utafiti miaka mingi, na inafanya kazi kwa sababu inaufunga uamuzi kwenye tukio, haikungoji mpaka upate moyo wa kuamua. Na kama una dhiki kubwa jaribu kujiita kwa jina lako. Mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba watu wanaojiongelesha kwa majina yao kabla ya jambo gumu wanatulia zaidi kuliko wanaosema mimi mimi. Ingawa mwimbaji wa Zaburi ya 42 alishafika huko zamani, "Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu?" Haikemei nafsi, haiiambii wewe ni shujaa, anaiuliza swali kama unavyomuuliza rafiki aliyekuja amenuna, alafu ndo anaielekeza imtumaini Mungu.

Naulizwa sana na watu wa dini kama kauli chanya ni kujiabudu. Inategemea unaongea na nani. Dua na sala unaongea na Mungu, unaomba, anaweza kukupa au asikupe. Kauli unaongea na nafsi yako, unaikumbusha. Shida inaanza ukizichanganya, ukaanza kumtangazia Mungu kwamba gari ni langu kwa jina la fulani, hapo sio sala tena na sio kauli pia, sijui niite nini. Ukitaka viwe pamoja anza na sala, kauli ifuate, fupi.

Na zile chalenji za siku 21, zinazosema tabia inajengeka ndani ya siku hizo, zisikutishe. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake walipowafuatilia watu kule London, matokeo yao yakatoka 2010, tabia ilichukua wastani wa siku 66 kuzoeleka, wengine siku 18, wengine makadirio yakafika 254, na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwahiyo ukisahau Jumanne, Jumatano endelea, hamna kuanza moja.

Kuna watu nawazuia kabisa. Mtu anayepigwa nyumbani akaja anataka kauli ya kumuongezea uvumilivu, simpi, tunaongea kwanza atalala wapi salama. Mtu ambaye wiki mbili mfululizo hali, halali, kila kitu hakina ladha, au anawaza kufa, huyo namwelekeza kwa daktari leo, sio kesho, daftari litamsubiri.

Alafu kuna bwana mmoja alikuja na kauli 12, amezipanga kwa rangi, anaamka saa kumi alfajiri kuzisema na analala saa sita usiku, na tatizo lake anasema ni kwamba hasikii chochote kiroho, amekauka. Nikamwambia aache zote mwezi mmoja, alale tu. Alikasirika kidogo, aliona nimemchukulia poa. Aliporudi nikamuuliza, zile kauli vipi, turudi kwenye ipi? Akafikiria, akasema nyingine hata hazikumbuki.