Wale Tisa Waliobaki Chini ya Mlima

Dominika ya pili ya Kwaresima, Wakatoliki husomewa habari ya Bwana kung'ara mlimani, na tarehe 6 Agosti inarudi tena kama sikukuu kamili. Walutheri na Waanglikana wengi huisoma Jumapili ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu, wakiiita kugeuka sura. Mahubiri nayo yanafanana kila mahali: Petro, Yakobo na Yohana walipanda wakauona utukufu, basi nasi tupande, tufunge, tukeshe, tuuone.

Mimi nafundisha Agano Jipya, na wanafunzi wengi hunijia mahubiri hayo yakiwa yameshaandikwa. Huwa nawauliza: wale mitume tisa wengine walikuwa wapi?

Marko anajibu katika sura ya 9, kuanzia mstari wa 14. Walikuwa chini, wamezungukwa na umati, waandishi, yaani walimu wa sheria, wakibishana nao. Baba mmoja kamleta mwanawe ambaye pepo humwangusha, akatoa povu na kusaga meno, na mara nyingi kumtupa motoni na majini. Wanafunzi wamejaribu, wameshindwa. Kinachouma zaidi ni kwamba kazi hiyo waliwahi kuiweza. Katika sura ya 6 walitumwa wawili wawili, wakatoa pepo wengi, wakawapaka wagonjwa mafuta wakapona. Leo mikono ileile haitoi kitu, tena hadharani. Mtumishi aliyewahi kumwombea mgonjwa asipate nafuu, ndugu wa mgonjwa wakimtazama usoni, hahitaji kuelezwa wale tisa walijisikiaje.

Na kule juu? Uso unang'aa, mavazi yanakuwa meupe, Musa na Eliya wanatokea. Luka peke yake anatuambia walikuwa wakizungumza nini: kifo ambacho Yesu angekwenda kukitimiza Yerusalemu. Hata ndani ya utukufu mazungumzo ni ya msalaba! Petro anataka kujenga vibanda vitatu, na Luka anasema waziwazi kwamba hakujua alisemalo. Kisha sauti kutoka winguni: "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye, msikieni yeye." Wasikie nini? Mlimani Yesu hakuwahutubia neno. Maneno waliyotakiwa kuyasikia yalikuwa yameshasemwa siku sita nyuma, upande wa Kaisaria Filipi: kwamba atateswa, atakataliwa, atauawa, atafufuka, na kwamba anayetaka kumfuata ajikane na ajitwike msalaba wake. "Kila siku," anaongeza Luka. Petro ndiye aliyemvuta kando akaanza kumkemea kwa maneno hayo. Kwa maoni yangu sauti ile ilimlenga yeye kwanza, kabla ya wenzake wawili na kabla yetu.

Walipoanguka kifulifuli kwa hofu, Mathayo anasema, Yesu akaja akawagusa: "Inukeni, wala msiogope." Wakashuka.

Wakiwa njiani akawakataza wasimwambie mtu yeyote walichokiona mpaka Mwana wa Adamu afufuke katika wafu, na Luka anathibitisha kwamba walinyamaza. Fikiria maana yake kwa wale tisa. Andrea ni ndugu wa damu wa Petro, walikaa nyumba moja Kapernaumu, naye hakuambiwa. Filipo hakuambiwa, wala Mathayo, wala Tomaso. Walishika njia ya Yerusalemu nyuma ya Yesu bila nuru, bila sauti, bila hata ushuhuda wa kusimuliwa. Walichokuwa nacho ni mwaliko wa siku ile alipowaita, na mafundisho yake ya kila siku. Ni kweli, Yuda alikuwa miongoni mwa hao tisa. Lakini wanane waliobaki, pamoja na kukimbia kwao usiku wa Gethsemane, tunawakuta tena ghorofani Yerusalemu wakidumu katika kusali.

Sasa watazame wale watatu. Hawajafika mbali, Kumi na Wawili wanabishana njiani nani mkubwa. Punde Yohana anaripoti kwa fahari kwamba wamemkataza mtu aliyekuwa akitoa pepo kwa jina la Yesu, eti kwa sababu hafuatani nao. Kazi iliyowashinda tisa anaifanya mtu wa nje, na anayemzuia ametoka mlimani! Gethsemane walichukuliwa watatu walewale, wakalala usingizi, na kabla ya kupambazuka Petro alikuwa amemkana Bwana mara tatu. Matunda yalikuja baadaye: Yakobo akauawa kwa upanga wa Herode, na Waraka wa Pili wa Petro unaukumbuka "mlima ule mtakatifu". Ila hata hapo waraka haumwelekezi msomaji autafute mlima wake. Unamwelekeza kwenye neno la unabii, "kama taa ing'aayo mahali penye giza".

Sina ugomvi na mikesha wala na milima ya maombi. Yesu mwenyewe alipanda ili aombe. Ugomvi wangu ni pale mama anayeamka alfajiri kuwahi sokoni, anayelea wajukuu, anayesali Baba Yetu huku macho yanafumba kwa uchovu, anapofanywa ajione Mkristo wa daraja la pili kwa sababu hajaona maono. Huyo yuko pamoja na tisa, na wale tisa ni mitume. Yuko pia pamoja na yule baba, ambaye hakuona kitu isipokuwa ugonjwa wa mwanawe, akalia: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Mtoto aliponywa kwa imani iliyokuwa na ufa namna hiyo.

Baadaye, ndani ya nyumba, tisa waliuliza mbona wao hawakuweza. Yesu hakuwaambia, "Mngekuwa nasi mlimani." Alisema namna ile haitoki isipokuwa kwa kuomba, na kuomba kulikuwa kunawezekana palepale bondeni.

Mchoraji Raphael, aliyefariki mwaka 1520, aliliona hili. Katika mchoro wake mkubwa wa mwisho, ulioko kwenye makumbusho ya Vatikano, Kristo yuko juu katika nuru, na nusu nzima ya chini, penye giza, amewaweka mitume walioshindwa pamoja na mtoto aliyepindana mwili, mikono ya baadhi yao ikielekea juu. Masomo ya Misa hayafanyi hivyo. Mwaka B, yaani mwaka wa pili katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo hayo, Injili ya Dominika ile inakatwa kwenye Marko 9:10, na mtoto hasikiki kabisa.

Kwa hiyo, kama wewe ndiye unayeongoza jumuiya wiki hiyo, someni Marko kuanzia 8:27 mpaka 9:29 bila kukata, hata kama wimbo mmoja utabidi uachwe. Na mtu asome sehemu ya yule baba kwa sauti yake mwenyewe, asiikimbilie.