Friedrich wa Saksonia hakuwa Mlutheri wa mafichoni

Kila inapokaribia tarehe 31 Oktoba, siku ya kukumbuka Matengenezo ya Kanisa, mimi ninayefundisha historia ya Kanisa hujiandaa kusikia, mimbarani na katika insha za wanafunzi, kwamba Friedrich, Mteuzi wa Saksonia (mmoja wa watawala saba wa Ujerumani waliokuwa na kura ya kumchagua kaisari), aliipokea Injili na kwa sababu hiyo akamlinda Martin Luther. Safari hii uvumilivu umenishinda. Kwamba alimlinda hakuna ubishi; kinachonikera ni sababu anayobandikwa, tena na watu ambao wangeshtuka kama wangeingia katika kanisa la ngome yake huko Wittenberg.

Ndani ya kanisa hilo mtawala huyu, aliyehiji Yerusalemu mwaka 1493, alikuwa amekusanya masalia ya watakatifu kwa uchu usio na kifani. Orodha iliyochapishwa mwaka 1509, ikiwa na michoro ya Lucas Cranach, ilitaja vipande 5,005, miongoni mwavyo mwiba ulioaminika kuwa wa taji la Kristo, na waumini waliokuja kuviheshimu kwa sala na sadaka walijipatia rehema za kupunguziwa adhabu ya toharani. Kufikia mwaka 1520 vipande vilikaribia 19,000. Tafadhali itazameni vizuri tarehe hiyo: ni miaka mitatu baada ya hoja 95 za Luther dhidi ya uuzaji wa rehema, na bado mkusanyiko ulikuwa ukiongezeka! Huyo ndiye tunayeambiwa kwamba alikuwa ameshasadiki mafundisho ya profesa wake.

Nitajibiwa kwamba alimzuia mhubiri Johann Tetzel kuuza rehema Saksonia. Alimzuia, lakini sehemu ya mapato ya Tetzel ilikuwa ya kulipa deni la Askofu Mkuu Albrecht wa Brandenburg kwa mabenki ya akina Fugger, na Albrecht huyo alikuwa amekalia kiti cha Magdeburg kilichoachwa na Ernst, ndugu yake Friedrich, aliyefariki mwaka 1513. Mtawala gani angefurahia kuona fedha za raia wake zikivuka mpaka kwenda kuuinua ukoo hasimu, ilhali yeye mwenyewe ana rehema zake nyumbani?

Jambo ambalo wengi hulipita mbio ni la mamlaka ya kisheria. Luther alikuwa mwalimu wa chuo kikuu ambacho Friedrich alikianzisha mwaka 1502, na Roma ilipomwita mwaka 1518, Friedrich alishikilia kwamba mtu wake asikilizwe katika ardhi ya Kijerumani. Ndiyo sababu Luther alikutana na Kardinali Cajetan, mjumbe wa Papa, huko Augsburg, si Roma. Kaisari Maximilian alipofariki Januari 1519, Papa Leo wa Kumi, ambaye hakutaka Karl wa Hispania achaguliwe kuwa kaisari, alihitaji kura ya Saksonia, moja kati ya kura saba, kwa hiyo akaendelea kumbembeleza Friedrich, ambaye tayari alikuwa amemtunuku waridi la dhahabu (zawadi ya heshima ya papa), badala ya kumbana. Karl alichaguliwa hata hivyo, na katika baraza la dola huko Worms mwaka 1521 Friedrich alidai tena kwamba asihukumiwe mtu kabla ya kusikilizwa. Baadaye akawaachia maofisa wake wamfiche Luther, nao wakamweka ngomeni Wartburg. Inasimuliwa kwamba hakutaka kutajiwa mahali, ili akiulizwa aseme hajui. Hizo ni hila za mwanasheria mzoefu, wala mawasiliano yao hayakuwa ya mchungaji na mwumini: yalipitia kwa katibu wake, Georg Spalatin, na hatuna ushahidi kwamba wawili hao waliwahi kuzungumza ana kwa ana.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo hoja yangu inayumba. Friedrich alipokuwa akifa huko Lochau, Mei 1525, wakati vita vya wakulima vikiendelea, alipokea komunyo kwa mkate na divai, si mkate peke yake kama walei walivyopewa na Kanisa la Roma, jambo ambalo kwa mlei wa zama zile lilikuwa tangazo zito. Huenda Spalatin alikuwa amemvuta polepole kwa miaka mingi. Huenda pia mzee aliyechoka alikubali kile ambacho watu wa nyumbani mwake walikuwa wamekwisha kukizoea. Mimi huegemea dhana ya kwanza siku moja na ya pili siku nyingine. Lakini anayetaka mtawala wa Saksonia aliyeisimamia imani hiyo hadharani amtafute mdogo wake na mrithi wake, Johann, ambaye mwaka 1530 alitia sahihi Ungamo la Augsburg, tamko rasmi la imani ya Kilutheri.